Mzee Ndalahwa Shigela na Bernadeta, Mafundi Breki wa Mabatini

Ndugu waombolezaji, baba yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, Kisesa. Alisoma huko huko hadi darasa la saba. Babu alitaka achunge ng'ombe, lakini aliwapoteza mara nyingi mno akitazama magari barabarani, mpaka babu mwenyewe akamleta mjini ajifunze ufundi.

Mwaka 1983 alifungua gereji yake Mabatini. Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Bernadeta, huko Butimba, na tangu hapo kutoa upepo kwenye breki ikawa kazi ya wawili. Mama alikaa kwenye usukani, baba chini ya gari. Baba akisema "Kanyaga," mama anakanyaga na kushikilia, baba anafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, ndipo anasema "Achia." Mkanyagaji akiachia mapema, upepo unarudi ndani, na gari hilo litaua mtu mteremkoni. Mama hakuwahi kuachia mapema.

Mama alifariki mwaka 2019. Baba alikataa msaidizi. Wateja wakasema anaongea na gari tupu, nasi wanawe tukakubaliana gereji ifungwe kabla breki mbovu haijatuletea msiba. Mimi, Winnie, ndiye niliyetumwa.

Nilimkuta chini ya gari la parokia, mchana kweupe. Alisema, "Kanyaga." Pedali ikashuka, na kiti hakina mtu. Niliogopa, sitawaficha. Alipotoka nilimwamkia, akaitikia kama kawaida, nikampa ujumbe wa familia.

"Nikifunga, mwanangu, mama yako atanipata wapi?"

Niliingia nikaikanyaga breki ile mwenyewe. Ilikuwa ngumu, haina upepo hata kidogo. Niliwaambia ndugu zangu kazi ya baba ni nzima, wamwache. Mengine nimeyanyamazia hadi leo.

Februari 2025 baba aliugua figo. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 4 Mei. Ameacha watoto watatu, Winnie, Pius na Modesta, wajukuu, na mdogo wake Malimi.

Jana nilipitia gereji kuchukua picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Gari la mwisho bado liko juu ya jeki, nati zote zimekazwa. Pedali ilikuwa imezama, haipandi. Tangu baba alipopelekwa hospitali, hakuna aliyesema neno lile la kuachia pale. Nililia sana. Kisha nikasema, "Mama, achia. Baba anakuja nyumbani."

Ikapanda, taratibu.

Bwana awapumzishe wote wawili. Amina.