Mwalimu Aliyepotewa na Herufi

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mchungaji amenipa kiti, nashukuru, lakini kiti kikae tu. Tangu niugue situlii mahali. Nitasema huku nikitembea, mnivumilie.

Mmesikia kwamba juzi nilikuwa Homa Bay, kwenye jioni ya tuzo za waandishi, nikatuzwa kwa kufundisha watu kusoma. Mmenipongeza tangu mlangoni. Sasa nawaambia jambo ambalo sijawaambia: mwaliko ule ulipofika, mimi nilikuwa siwezi kusoma. Mke wangu ndiye aliyenisomea.

Mnacheka? Ngojeni.

Wengi mnalijua darasa langu la ngumbaru, nyuma ya soko hapa Migori. Akina mama wauza omena, dagaa wetu wa ziwani, na njugu, na wazee wachache kutoka upande wa Kegonga. Chaki ikiisha tulimwaga wimbi kwenye ungo, kila mtu akachora herufi kwa kidole, akaitaja, akatikisa ungo, akaanza tena. Na nilikuwa mkali! Kidole kwanza, mdomo baadaye, ndivyo nilivyowaambia.

Halafu, wakati wa zile mvua za El Niño, nikaamka asubuhi kichwa kikiniuma vibaya. Nikachukua Biblia. Herufi niliziona zote, zimejipanga vizuri, na hakuna hata moja iliyoniambia kitu. Daktari alisema ni kiharusi kidogo. Mikono mizima, mdomo mzima. Hata kuandika niliandika! Lakini nikishaandika jina langu, kulisoma siwezi.

Ndugu zangu, niliona aibu kuliko mwizi aliyeshikwa sokoni. Darasa nikalifunga, nikasingizia barabara mbovu. Humu kanisani nilishika kitabu cha nyimbo wazi, nikaimba kwa kukariri. Nikawa kiguu na njia, nyumbani sikai, sokoni sikai, namfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi. Hata Mungu nilimkasirikia, siwezi kudanganya mbele zake.

Mwaliko wa Homa Bay ndio ulionimaliza. Kila anayetuzwa angesoma jukwaani ukurasa mmoja ulioandikwa na mwanafunzi wake. Mama mmoja muuza omena aliposikia, akaandika wake, akauleta nyumbani kwa furaha. Nikamwambia siendi. Akataka kujua kwa nini. Nikamfokea, kisha machozi yakanitoka mbele ya mwanafunzi wangu, nikamweleza yote.

Hakunibembeleza, yule mama. Alisema, "Japuonj," yaani mwalimu, "hizo machozi weka kando. Leta kidole."

Akakishika kidole changu kama mtu anayeshika cha mtoto, akakipitisha juu ya herufi ya kwanza, taratibu, inavyopinda na inavyosimama. Mdomo ukaitaja wenyewe. M! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Macho yalikuwa yamesahau, kidole hakikusahau. Tangu hapo alikuja kila akifunga biashara, na wenzake wakamfuata, wakali kuliko mimi. "Wacha kukisia, japuonj! Rudia!"

Kule Homa Bay nilitoka nje ya ukumbi na kurudi mpaka mlinzi akanichoka. Nilipoitwa nikaanza kusoma, kidole kikichora kila herufi, polepole mno. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akauliza, "Huyu mwalimu amelewa?" Nikatamani sakafu inimeze. Nikatazama nyuma ya ukumbi, nikawaona wale akina mama tuliokuja nao wamesimama, hakuna anayecheka, wananingoja tu.

Nikasema, "Sijalewa. Niliugua nikasahau kusoma. Aliyeandika ukurasa huu ndiye aliyenifundisha upya. Mwenye haraka atangulie."

Hakuna aliyetoka. Nikasoma hadi nukta ya mwisho.

Namshukuru mama yule. Yuko hapa, na amenikataza kumtaja. Nawashukuru wenzake, na mke wangu aliyevumilia kelele zangu za chumvi. Na wewe unayeficha jambo usiloliweza, nakusihi, mwambie mtu mmoja. Mimi nilijificha miezi mingi, na msaada ulikuwa unauza omena pale sokoni, ninapopita kila siku.

Sasa, Mchungaji, somo la leo bado halijasomwa. Nimemwomba aliyepangiwa anipishe, amekubali. Nipeni Biblia. Nitakwenda polepole, na mtu yeyote asinidokeze neno mpaka niombe.