Mama Kengele Bado Hajashuka

Mgeni rasmi, mkuu wa reli inayounganisha miji yetu miwili mikubwa. Viongozi mlioandamana naye. Wazee wetu, kina mama na kina baba:

KARIBU
Sisi wakazi wa stesheni ya katikati tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunakushukuru kwa kuja na gari. Ungekuja na treni yako, tungekupungia tu.

HISTORIA
Wazazi wetu ndio walioponda kokoto za reli hii. Treni ya zamani ilisimama hapa, injini ikanywa maji, abiria wakanywa chai. Mzee Kengele, anayekusomea risala hii kwa niaba yetu, ndiye aliyeigongea kengele mpaka akastaafu.

MAFANIKIO
Tangu ije treni ya kasi, stesheni imepakwa rangi mpya. Choo cha abiria hakijawahi kuchafuka.

CHANGAMOTO
Binti wa Mzee Kengele ameolewa mjini, mwisho wa reli. Alipojifungua, alipanda treni kwenda kuwaona wakwe mji wa pili, akamwinua mtoto dirishani ili bibi yake amwone. Mama Kengele alisimama jukwaani, amevaa nguo yake ya sherehe.

"Kafanana na nani?" mumewe akamuuliza treni ilipokwisha kupita.

"Na upepo."

Mwezi uliopita binti alisafiri tena. Siku hiyo ng'ombe walilala relini, treni ikasimama mbele yetu. Ng'ombe hao si wa mwanakamati yeyote; polisi tulishawaeleza. Mhudumu wa behewa alifungua mlango achungulie, Mama Kengele akapenya ubavuni mwake.

"Bibi, hapa si kituo."

"Na mimi si abiria. Nampakata mjukuu wangu, nashuka."

Ng'ombe wakainuka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Milango ikajifunga. Mzee Kengele alikimbia sambamba na behewa hadi jukwaa likamwishia.

Mama Kengele yuko mjini, mzima wa afya. Tumemsihi kwa simu arudi kwa basi hadi njia panda, tukampokee na pikipiki. Amekataa.

"Treni iliyonichukua ndiyo itakayonishusha," anasema. "Mimi si mzigo."

Mzee sasa anajipikia. Majirani tunajua saa yake ya kupika kwa harufu ya kuungua.

MAOMBI
Kamati ilitaka kuomba maji, taa na zahanati. Mzee Kengele akasema tukiomba mengi utachagua lililo dogo. Basi tunaomba moja: treni isimame hapa, japo mara moja kwa wiki, japo kwa muda wa mtu mzima kushuka ngazi bila kusukumwa.

Mwenyewe ukimuuliza, atakwambia hana neno. Ila jioni treni ikipita, hutoka na mtandio wa mkewe ameukunja kwapani, maana siku ile mama wa watu aliondoka kichwa wazi.

Mungu akuongoze njia, mgeni wetu, na kila uendako upate pa kushukia.

Ni sisi,
Wakazi wa Stesheni ya Katikati.