Maji Yafike Kichwani: Tunamkumbuka Dahir Guleid

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum kwa wenye salamu hiyo, na wengine wote, habari zenu. Leo tunamkumbuka Dahir Guleid, dereva wa lori la mbuzi hapa Isiolo. Dahir alifariki wiki mbili zilizopita, mwezi huu wa Agosti 1988. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wengi wenu mlimjua kwa nywele zake, zile ndefu zilizosokotana mpaka mgongoni. Mimi ninayewasimulia sina hata unywele mmoja kichwani, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza maswali mengi.

Swali la kwanza. Kwa nini kijana wa familia ya askari afuge nywele? Babu yake Dahir alikuja Isiolo na jeshi la wakoloni. Baba yake akarithi wembe na amri. Kila mwezi watoto wa kiume walipangwa mstari nyuma ya nyumba, wakanyolewa kipara. Baba alifariki mwaka 1973. Dahir hakunyoa tena.

Dada yake mdogo, Fosia, alinieleza hivi: "Mimi nilimuuliza, abowe, kaka yangu, umechanganyikiwa? Akaniambia, 'Fosia, tangu nizaliwe sijaona nywele yangu. Nataka kuona itafanya nini nikiiacha.' Ni hiyo tu."

Ni hiyo tu, wasikilizaji. Hakuwa mfuasi wa kitu chochote. Vijana wa mjini walipoanza kumwita rasta, miaka ya baadaye, aliitika huku akicheka.

Nywele zikajisokota zenyewe. Lakini vumbi la barabara ya Oldonyiro likazikausha, zikaanza kukatika. Sasa Dahir alikuwa na jirani, Mama Batula, Mborana ambaye nywele zake zilisukwa vizuri na kung'aa kwa samli. Dahir akaiga. Kila wiki samli. Fosia anaapa kwamba paka wa mtaani walikuwa wakimfuata mpaka mlangoni.

Ikaenda hivyo miaka sita. Mwaka 1979 mzee Ado akamsimamisha nje ya msikiti. Mzee Ado ndiye anayeosha maiti za wanaume mtaani kwetu, na mambo ya josho, ule mwogo wa kujitakasa ambao maji lazima yafike kwenye ngozi yote, anayajua. "Warya, wewe Dahir," akamwambia, "ukioga josho, maji inafika kichwani?" Dahir akasema inafika. Mzee akachukua birika, akammwagia maji watu wakitazama. Kisha akapenyeza kidole kati ya misokoto mpaka kwenye ngozi. Kidole kikatoka kikavu. Samli na vumbi vilikuwa vimeziba kila mahali.

"Ukikufa leo," mzee akasema, "siwezi kukuosha namna hii. Nitakata yote."

Watu walicheka. Dahir hakucheka. Swala kwake haikuwa mchezo. Fosia anasema alifika nyumbani akilia: "Nimeswali miaka sita na kichwa kikavu?" Siku hiyohiyo Fosia akashika mkasi, wakazikata zote. Mama Batula aliposikia alishika kiuno. "Lakini mimi nafumua kila baada ya wiki mbili!" akasema. "Naosha, nasuka upya. Wewe umepaka samli juu ya samli miaka sita!"

Wengi wetu hapo tungebaki na kipara. Mimi nimebaki nacho, na sijafa. Dahir akaanza upya, bila samli. Kila Alhamisi aliyeyusha sabuni ya kipande kwenye maji, akaosha, akasuuza mpaka maji yatoke safi. Akakamua msokoto mmoja mmoja. Akakaa juani mpaka zikauke hadi ndani, maana zikifungwa mbichi zinanuka. Fosia akatenganisha mashina kwa vidole ili misokoto isishikane. Hakuna kuvuta, nywele za mbele zisije zikanyonyoka. Akienda Kipsing kupakia mbuzi alizifunga kitambaa kwa sababu ya vumbi. Alifanya hivyo miaka tisa. Nasema tena, miaka tisa.

Na kila Ijumaa akiwa mjini alimwendea mzee Ado, akainamisha kichwa. "Mzee, jaribu sasa." Mzee alipita kando. "Nilishajaribu," alisema.

Kwa nini, mzee? Nilikwenda kumuuliza mwenyewe. "Nilijua anaosha. Mtaa mzima ilijua. Lakini ile birika nilimwaga mbele ya watu. Nikijaribu tena na maji ifike, itabidi niseme mbele ya watu pia. Ilikuwa kiburi, kijana yangu. Kiburi tu."

Homa ya mapafu ilimchukua Dahir kwa siku nne. Alimwachia Fosia neno moja: "Wakitaka kukata, wakate. Lakini mwambie mzee ajaribu kwanza."

Siku ya kuosha maiti, jamaa mmoja alikuwa tayari ameshika mkasi. Mzee Ado akamwambia angoje. Akamimina maji kwa birika. Akapenyeza kidole mpaka kwenye ngozi. Akakamua msokoto mmoja, maji yakatoka safi kabisa. Basi mzee akatoka nje uani, kidole kimeinuliwa bado kinadondoka maji, akamwonyesha kila mtu aliyekuwepo, mmoja baada ya mwingine. "Maji imefika," alisema, na alikuwa akilia. "Mnaona? Maji imefika." Kisha akarudi ndani kumaliza kazi yake. Mkasi haukutumika.

Fosia, pole sana, dada yetu. Poleni jamaa wote wa marehemu, poleni madereva wenzake wa barabara ya Oldonyiro. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize: kuna mtu anayetuinamishia kichwa kila wiki, anangoja neno ambalo tunajua kabisa ni haki yake? Kama yupo, mwendee leo, angali anasikia. Dahir Guleid amezikwa na nywele zake, lakini lile neno la mzee Ado hakulisikia.