Mpilipili Uliovaa Shela

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na mguu wake mmoja mfupi tumeuongezea kipande cha tofali. Ukikaa upande wa kulia unapata jua, kushoto unapata upepo, na katikati, ambako ndiko wanakoniweka mimi, unapata viwiko vya watu wote. Mwenye duka tunamwita Sindano, na ni mwembamba kweli. Anayeleta kahawa, kwenye chupa ya chai yenye kifuniko kilichopasuka, ni Refa. Hajawahi kuchezesha hata mechi ya watoto, lakini hakuna ubishi asioukata na kuuongezea dakika. Wa tatu ni Ampea, fundi umeme. Mimi ni Pasipoti, kwa kuwa nilipika melini miaka mingi na kila nikifungua mdomo naanza na "kuna nchi moja nilifika". Wenzangu wanasema nchi zote hizo niliziona kupitia kidirisha cha jiko. Hawajakosea sana.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya baridi, ile baridi inayomfanya mtu anywe kahawa kwa mikono miwili. Mezani kwa Sindano, pembeni ya cherehani, palikuwa na kopo la rangi lililojaa udongo, na ndani ya kopo mpilipili. Sote tulikuwa tumeugeuzia mgongo mtaa, tunautazama mmea huo.

Mpilipili ule ulikuwa wa mama mkwe wake Sindano. Kila mwaka mama yule huchagua pilipili moja iliyoiva vizuri, akakausha mbegu na kuzipanda tena, kama alivyofanya mama yake mzazi kabla yake. Mwaka huu miche ilikuwa bado midogo alipoitwa akamlee binti yake mwingine aliyejifungua mbali. Akaibeba hadi dukani, akaiweka mezani.

– Mbegu zote ziko humu, mkwe wangu. Isipozaa, zimekwisha.

Tangu Sindano aoe, mama yule hakuwahi kumwachia hata mwavuli. Akimtembelea anamshukuru kwa chai, anamsifia kiti, anaaga. Kwa hiyo siku ile Sindano alipokabidhiwa miche, alikaa benchini akiwa amenyooka kama aliyepandishwa cheo.

Mche wa kwanza ukaenda na baridi. Aliusahau dirishani usiku, asubuhi ukawa mweusi, umelala kama mboga iliyochemshwa. Wa pili wakauvamia vidukari, wale wadudu wa kijani wadogo kama vumbi, wanaojibanza chini ya jani na kufyonza mpaka jani linajikunja. Ukabaki mmoja. Hapo ndipo kijiwe kizima kikaingia kazini.

Sindano aliuosha kwa maji ya sabuni, jani baada ya jani, kwa mswaki wa zamani. Kisha akachukua mabaki ya shela la bibi harusi mmoja, akaushonea gauni. Sisemi aliutupia kitambaa. Alishona gauni, lenye zipu mgongoni na lastiki inayobana ukingo wa kopo, mishono miwili miwili. Ampea akaingiza balbu ndogo ndani ya gauni ili kuwe na joto. Nami nikatoa sweta langu, nililonunua katika nchi moja ambako hata samaki wanatetemeka, tukauvisha juu ya shela. Kwa mbali ungedhani kuna bibi kizee amekaa mezani anasubiri kushonewa.

Na mpilipili ukastawi, huo ndio ukweli. Majani mapana, shina nene, maua meupe kila kifundo. Tukapongezana. Halafu maua yakaanza kuanguka. Kila asubuhi Sindano akifungua zipu anayakuta chini, yametapakaa ndani ya shela kama baada ya harusi, na pilipili hakuna, hata ya kusingiziwa. Na mama mkwe alikuwa arudi siku hiyo kwa basi la jioni.

Refa akamimina kahawa, akafungua kesi. Akataka kila mtu aseme anachojua, asichojua akinyamazie. Sharti hilo lingefuatwa tungekunywa kahawa kimya mpaka leo.

Ampea akaanza. Kosa lilikuwa kwenye umeme, siyo balbu, balbu ni nzima. Alieleza kwamba umeme wa mtaa wetu haukai mahali pamoja, unapanda na kushuka, na balbu inapopepesa mmea unadhani kuna radi.

– Ungekuwa wewe, umelala, kila dakika radi, ungezaa?

– Mimi nisingezaa hata pasipo na radi, – Refa akamjibu. – Tafuta mfano mwingine.

Refa mwenyewe alilaumu cherehani. Meza inatikisika kutwa, akasema, na kilichobeba mimba hakitikiswi. Alitaka Sindano ahamishie kazi uani, jambo ambalo Sindano alilipokea kwa kumtazama tu.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikawaambia kuna nchi moja nilifika, wakulima wake wanaipigia mimea muziki, na wenye miti yenye huzuni wanaita mpiga zumari. Ule mpilipili, nikasema, umefiwa na ndugu wawili hapohapo mezani, mbele ya macho yake. Huo ni msiba, na aliye msibani hana hamu ya kuzaa.

– Ulimwona huyo mpiga zumari? – Ampea akauliza.

– Nilisikia sauti yake.

– Kutoka jikoni.

– Jiko lilikuwa na dirisha.

Wakacheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Ampea, alipoona mzaha wake umeshika, akaenda mbali zaidi.

– Mnajua shida iko wapi? Mmemvalisha mtoto wa watu shela, mmemfungia zipu, mmempa na taa ya chumbani. Bwana harusi hajulikani aliko.

Refa akaamua kwamba hiyo ni nje ya uwanja, mali ya mkwe haitaniwi hivyo. Sote tukakubali, tukaendelea na mambo ya maana, yaani radi na msiba.

Sindano pekee hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa upepo, mkono mfukoni. Mwisho akautoa, akaufungua. Kiganjani mlikuwa na pilipili nyekundu, za dukani, zinang'aa. Kwenye kidole gumba alikuwa ameshazungushia uzi wa kijani.

– Nitazifunga kwenye vikonyo, – akasema. – Kwa mshono wangu hakuna atakayeona.

Hapo ubishi uliokuwa wa kahawa ukageuka kuwa ubishi kweli. Ampea aliona ni ufundi halali. Refa akasema mpira wa mkono ni mpira wa mkono hata ukiingia wavuni. Nikamuuliza Sindano mama akizichuma itakuwaje, maana atazikausha na kuzipanda, na mwakani atakuwa anamwagilia pilipili za dukani akidhani ni za mama yake. Sikuwa na mfano wa nchi yoyote. Nadhani ndiyo maana walinisikiliza.

Sindano akazitazama zile pilipili kwa muda. Akazirudisha mfukoni, uzi akaubakiza kidoleni.

– Akinigombeza nitashukuru, – akasema. – Mtu anamgombeza wake. Ninachoogopa ni atakaponiambia "si kitu, mkwe wangu", kwa sauti ile anayomwambia mgeni aliyevunja kikombe.

Refa akammiminia kahawa bila kuombwa.

Na mama hakungoja jioni. Kuna jamaa mwenye gari alimpa lifti, akashushwa pale kona na mkoba wake na blanketi begani, akaja moja kwa moja, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu. Tukainuka sote kwa pamoja, benchi likaanguka. Shikamoo zikapishana. Akaitika moja moja, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, kisha akageukia meza.

Sindano alijieleza kama aliye mbele ya hakimu. Alianza na mche uliouawa na baridi, akaja ule wa vidukari, hakuficha hata dirisha alilolisahau. Akasema huu mmoja aliapa hautaguswa. Akamwonyesha shela, akamwonyesha lastiki, balbu, sweta. Akasema vidukari hawajapata pa kuingilia tena. Halafu sauti ikampungua, akasema maua yanatoka, mama, lakini yanaanguka yote.

Mama akavua sweta, akanipa bila kuuliza ni la nani. Akapitisha vidole juu ya mshono wa shela, taratibu, toka juu hadi chini, kote kuzunguka, kama anayetafuta kitu. Akapima lastiki kwa ukucha. Akavuta zipu kidogo, akairudisha. Tulikuwa tunamtazama vidole.

– Na nyuki anapita wapi? – akauliza.

Refa akafungua chupa akachungulia ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini aliendelea kuchungulia. Ampea akaanza kusema neno juu ya umeme, akaliacha njiani. Mimi nikazipitia haraka nchi zote nilizofika, bandari kwa bandari, na katika zote sikumkumbuka nyuki hata mmoja.

Sindano alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akapitisha tena kidole kwenye mshono.

– Nimetafuta tundu, sikuliona, – akasema. – Hata upepo umeukatalia. Wewe unashona, baba. Siku zote hizi sikujua kama unashona hivi.

Kisha akamgombeza. Akamgombeza vizuri, kwa kirefu, akiwa ameshika kiuno. Kuua mche dirishani, mtu mzima. Kuwasha taa ndani ya gauni mchana kweupe. Kumvisha mpilipili kama anaolewa. Alimwambia usiku aufunike, mchana jua likitoka aufungue, na vidukari awatazame kwa macho kila asubuhi badala ya kuwashonea ukuta. Kila neno lilivyozidi ukali, mgongo wa Sindano ulizidi kunyooka.

– Ndiyo, mama, – akasema. – Ndiyo, mama.

Alipomaliza akachukua blanketi na mkoba wake. Sindano akakimbilia kopo ili ambebee hadi nyumbani. Mama akalitazama kama asiyeelewa.

– Unalipeleka wapi? Si bado halijazaa? Likizaa utaniita.

Akaenda zake. Sindano akabaki amekumbatia kopo, uzi wa kijani ungali kidoleni. Kisha akaliweka mezani, upande wa jua, akafungua zipu yote na kulivua gauni. Maua yaliyosalia yakatikisika kidogo, maana upepo ulikuwepo.

Tukainua benchi, tukakaa. Hakuna aliyeulizia kahawa. Kijijua kilikuwa kimechomoza, chembamba, na tulikuwa hatujakaa sana Ampea aliponigusa kwa kiwiko. Nyuki alikuwa amefika. Alizunguka kopo, akaenda, akarudi, mwisho akatua kwenye sweta lililokuwa magotini pangu, juu ya kifungo cheupe.

– Usijikune, – Refa akaninong'oneza.

Sikujikuna. Nilikaa kama jiwe, huku Sindano akimsogezea nyuki kopo polepole, kwa mikono yote miwili, kama anayemkaribisha mkwe.