Pumzi Iliyokuwa Inakatika

Sifa na heshima ni kwa Bwana, ndugu zangu. Mnisamehe nikisema nimekaa, nguvu bado ni kidogo.

Mimi ni fundi wa kushona hapa kambini Nakivale. Tulipotoka Kongo nilikuwa napiga cherehani kutwa nzima. Lakini miaka hii ya mwisho nilikuwa nalala usiku, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jua likipanda tu, kichwa kinaanguka juu ya kitambaa. Wateja waliniita mvivu. Wengine walisema ni pepo la usingizi. Ndugu zangu, niliombewa, nikafunga, na nikasinzia katikati ya maombi.

Nilikuwa na hofu moja. Kaka yangu, aliyeishi kambi ya Oruchinga, alikuwa hivyo hivyo. Alisinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana. Walipomwamsha, alikuwa ameshatuacha.

Kisha siku moja nilisinzia mguu ukiwa bado unakanyaga cherehani. Sindano ikanitoboa kidole. Zahanati walinifunga kidole, wakapima presha, wakashtuka. Wakanituma hospitali, Mbarara. Mke wangu, Mama Esta, alinisindikiza, na njia yote nililala begani kwake.

Daktari aliuliza kama nakoroma. Nikasema sijui. Mama Esta akainama.

"Anakoroma mingi, dokta, kisha pumzi inakatika," akasema. "Namusukuma ndiyo avute tena. Naogopa nikilala, atabakia kule."

Ndugu zangu, mimi nililia. Miaka yote hiyo huyu mama alikuwa halali, na hakuwahi kuniambia.

Daktari alieleza kwamba pumzi ikikatika hivyo, moyo haupati kupumzika. Unahangaika usiku kucha, presha inapanda, na mchana mwili unadai usingizi wake. Wengine moyo wao unasimama mapema. Alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi na unene, nilale ubavu, na nirudi kupimwa.

Sijamaliza safari. Bado nachoka. Lakini presha imeshuka, na Mama Esta anasema pumzi imetulia. Asante Yesu, uliyenilinda kwa mkono wa huyu mama!

Ndugu, ukiwa na mtu anayesinzia kila mchana, usimcheke. Mwombee, kisha mpeleke apimwe. Mtegemee Bwana katika yote mawili.

Mmeniuliza mlangoni Mama Esta yuko wapi. Yuko nyumbani, amelala. Sikutaka kumwamsha.