Funga Macho, Useme Hapa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina mwanasiasa, sina mchezaji wa mpira. Nina muuguzi mmoja aliyepima miguu ya watu kwa miaka thelathini na moja. Miguu tu. Najua kuna mtu hapo nyumbani ameangalia ya kwake sasa hivi. Sawa, endelea kuiangalia.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minne. Tulimzika Alhamisi. Watu walimwita Dada Pamba. Hata waliomzidi umri walimwita dada, na yeye hakuona taabu.

Jina hilo lilitoka mfukoni. Kwenye mfuko wa sare yake hakukosa furushi dogo la pamba. Na mezani, kiboksi cha pini, pini mpya kwa kila mgonjwa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya kliniki ya kisukari, baada ya mizani, kabla ya stoo. Kulikuwa na kitanda kimoja, viti viwili, na kistuli kifupi alichokalia yeye. Ukutani alibandika picha aliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda kuukuu: mtu mwenye midomo kama mikate, viganja kama makoleo, na mgongo mwembamba kama wa panzi. Wagonjwa wapya walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini huyu naye anaumwa nini.

"Haumwi," alikuwa akiwaambia. "Huyu ni wewe, jinsi ubongo wako unavyokuona. Midomo na vidole vimepewa nafasi kubwa kule juu. Mgongo umepewa kona."

Kazi yake ilikuwa hivi. Mgonjwa analala, anavua soksi, anafunga macho. Dada Pamba anamgusa mguu kwa unyuzi wa pamba. Mgonjwa akisikia, anasema neno moja: hapa. Baadaye pini, kwa ncha au kwa kichwa, na mgonjwa anasema inachoma au haichomi. Basi. Ukisema hapa kila unapoguswa, unavaa viatu unaenda zako. Ukinyamaza, mazungumzo yanaanza.

Kwa nini pamba na pini, vyote viwili? Nilimuuliza mwenyewe. Alinijibu kwa kunisimulia habari za mgonjwa wake mmoja, mzee mstaafu wa posta, ambaye naye aliuliza swali hilohilo, na kwa ubishi.

Alimwambia mzee kwamba ngozi haina akili, ngozi inapeleka habari tu. Na habari zina njia mbili. Mguso mwepesi, kama wa pamba, una njia yake. Unyuzi mmoja wa neva unatoka kwenye kidole gumba cha mguu, unaingia kwenye uti wa mgongo, unapanda upande uleule mpaka karibu na kisogo. Unyuzi mmoja, mzee wangu, haujaungwa popote. Hapo kisogoni ndipo habari inapokabidhiwa kwa mwingine, na huyo mwingine anavuka kwenda upande wa pili.

Maumivu, na joto, na baridi, yana haraka ya kuvuka. Yakishaingia tu kwenye uti wa mgongo, yanakabidhiwa palepale, yanavuka upande wa pili, ndipo yanapanda. Kwa hiyo mguso na maumivu ya mguu mmoja yanapanda pande mbili tofauti, ila mwisho wa safari yanafika upande mmoja wa ubongo. Mguu wa kulia, ubongo wa kushoto. Mguu wa kushoto, ubongo wa kulia.

"Na katikati hakuna posta kuu?" mzee akauliza.

"Ipo," Dada Pamba akasema. "Ndani kabisa ya ubongo. Habari zote hizi zinapita hapo, zinapangwa, ndipo zinapelekwa juu."

Mzee akaridhika. Akasema angalau huko kuna utaratibu.

Nairudia, wasikilizaji wapendwa, maana ndiyo kiini cha kazi yake. Njia mbili. Moja inaweza kuharibika, nyingine ikabaki nzima. Mtu akiumia upande mmoja tu wa uti wa mgongo, anaweza kupoteza mguso mguu huu, na maumivu mguu ule. Watu wasiojua watasema anajifanya. Dada Pamba aliwahi kuwatetea wawili wa namna hiyo, fundi wa paa na dereva wa lori, kwa pamba na pini tu.

Kisukari nacho kina tabia yake. Kinaanza kuharibu nyuzi ndefu kuliko zote, na nyuzi ndefu kuliko zote ni za miguu. Vidole vya miguu vinakufa ganzi kwanza. Na ganzi haiumi. Hilo ndilo tatizo lake.

Sasa niwaambie alivyokuja hapa studio, miaka sita iliyopita. Alitaka kuonyesha kipimo moja kwa moja hewani. Akamwomba fundi wetu wa mitambo avue viatu, kitu ambacho sisi wenzake tulikuwa tunakiogopa kwa muda mrefu. Fundi akafunga macho. Hapa. Hapa. Kisha Dada Pamba akatulia. Hakumgusa. Sekunde tano, sita, saba. Redio haipendi kimya, mnajua. Fundi akasema hapa.

"Hapa wapi?" Dada Pamba akamuuliza.

Fundi akafungua macho, akakuta pamba imo mfukoni mwa mgeni. Kwa aibu akaweka muziki. Hatukuwa tumepanga muziki.

"Watu wana adabu kupita kiasi," Dada Pamba aliniambia muziki ukilia. "Wanasema hapa ili wasiniudhi. Kwa hiyo lazima ninyamaze mpaka wakose raha. Anayesikia kweli hasemi kitu pasipo kitu."

Lakini hakuzaliwa na ujanja huo. Aliupata nyumbani kwake mwenyewe.

Mume wake ni fundi viatu. Yupo hai, na yeye ndiye aliyeniruhusu kusimulia haya. Kibanda chake kimeshikana na ukuta wa nyumba yao: meza ya chini, chuma cha kuvalisha kiatu, makopo ya gundi, na misumari midogo anayoiweka mdomoni akifanya kazi. Aligundulika kuwa na kisukari akiwa na miaka arobaini na minane. Tangu hapo mkewe alimpima miguu kila mwaka, sebuleni, kwenye kochi. Kila mwaka mume alisema hapa pale alipotakiwa kusema hapa. Kila mwaka alipita.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Nami naongeza kwamba hata akimnyoa mumewe, mkono haunyooki.

Siku moja saa kumi jioni, Dada Pamba anarudi kazini, anamkuta mume wake amepiga magoti kibandani.

"Umepoteza nini, baba?"

"Msumari. Tangu asubuhi. Nilikuwa nao hapa."

Dada Pamba akaangalia sakafuni. Kulikuwa na madoa mekundu, madogomadogo, kutoka mezani mpaka mlangoni na kurudi. Akamwambia akae. Akamvua ndala. Msumari ulikuwa umepita kwenye soli na kuzama chini ya kidole gumba, mpaka kichwani. Alikuwa ameutembelea tangu asubuhi akiutafuta.

Kidonda kile kilichukua miezi mitano. Kilichukua pia kidole gumba na kile cha pili yake.

Nilimuuliza fundi, sasa ile miaka yote ulikuwa unasemaje hapa?

"Mke wangu alikuwa na mwendo," alinijibu. "Anagusa, anahesabu mbili kimoyomoyo, anagusa tena. Mimi ni mtu wa nyundo, bwana. Nyundo inafundisha kusubiri pigo. Moja, mbili, hapa. Moja, mbili, hapa. Sikuhitaji kusikia kitu."

"Lakini kwa nini, mzee?"

Alikuwa anageuzageuza kiatu cha mtu mikononi. "Ameshinda na miguu ya watu tangu asubuhi. Anarudi amechoka. Nimwongezee na yangu?"

Mimi ningekasirika. Dada Pamba naye alikasirika. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, anakumbuka kwamba mama yake alikaa siku kumi na moja bila kumwambia baba yake neno, isipokuwa nyoosha mguu na kunja mguu wakati wa kusafisha kidonda. Siku ya kumi na mbili akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akampakulia chakula.

"Lakini hasira yenyewe haikuwa kwa baba," binti anasema. "Ilikuwa kwake mwenyewe. Alikuwa anasema, nimepima miguu elfu ngapi, na nimepimwa mimi kwa mkono wangu."

Akarudi kliniki akabadilisha kazi yake. Aliacha mwendo. Akawa anagusa mara moja, anakaa kimya, anagusa mara mbili haraka, anakaa kimya zaidi. Mwaka wa kwanza tu, anasema msaidizi wake, waligundua watu kumi na tisa ambao miaka ya nyuma walikuwa wamepita. Kumi na tisa, kliniki moja. Wengine walikuwa wanasema hapa kwa adabu, wengine kwa woga, na mmoja alikiri alikuwa anawahi basi. Wauguzi kutoka kliniki nyingine wakaanza kuja kujifunza kunyamaza.

Wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye mwisho wake.

Jumapili asubuhi, mwanzoni mwa mwezi huu, Dada Pamba anaosha vyombo. Glasi inaanguka. Binti anageuka, anamkuta mama yake anauangalia mkono wake wa kulia.

"Nilikuwa nimeishika," akasema. "Ila mkono haukuniambia kama nimeishika." Halafu, kwa sauti ileile ya kazini, "Ni kiharusi. Kipo upande wa kushoto wa ubongo. Nipelekeni sasa hivi, na glasi mtafagia baadaye."

Alikuwa sahihi, na daktari akathibitisha. Nyuzi za mkono zilikuwa nzima. Uti wa mgongo ulikuwa mzima. Habari zilikuwa zinapanda vizuri, lakini huko juu zilikofikia hakukuwa na wa kuzipokea. Daktari alisema hisia zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Tungojee.

Siku ya tatu Dada Pamba akamtuma mume wake amletee pamba yake. Akamwambia, utanipima wewe, kila siku, saa nne, baada ya daktari kupita. Akamfundisha upya, hapo kitandani, mgonjwa akimfundisha mpimaji. Usiwe na mwendo. Nyamaza. Nichanganye.

Mkono wa kushoto, hapa, hapa, hapa. Mkono wa kulia, kimya. Siku ya nne, kimya. Siku ya tano, kimya. Fundi viatu akawa hali chakula vizuri. Binti anasema baba yake alikuwa anaingia wodini kama mtu anayeenda kusomewa hukumu, na anatoka kama amesomewa.

Siku ya tisa nitaisema kwa maneno yake fundi mwenyewe. Nimeyaandika ili nisiyakosee.

"Alifunga macho. Mimi nilikuwa sijaanza. Pamba ilikuwa bado kiganjani mwangu, nilikuwa naunyoosha unyuzi. Akasema, hapa. Nikaangalia pamba. Nikaangalia mkono wake. Sijamgusa. Nikatulia. Akasema tena, hapa. Halafu tena. Nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, hapa. Moja, mbili, hapa. Mwendo wake ule wa zamani, wa kwenye kochi. Nikajua."

Nilimuuliza alifanya nini.

"Nikamwambia, vizuri, mama. Umerudi. Akafungua macho akaniangalia. Na yeye akajua kwamba nimejua. Tukacheka kidogo. Siku hiyo nilikula."

Alfajiri ya pili yake kiharusi kilirudi, na hakikumwacha.

Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kipindi hiki miaka mingi na kawaida yangu si kulia kwenye maikrofoni. Siku ya mahojiano na fundi nilizima kinasa sauti, nikatoka nje kidogo, nikarudi. Nasema hivyo ili msifikiri habari hii ilinipita hivihivi.

Kwako fundi viatu, pole sana, mzee wangu. Kwako mwalimu, pole kwa kuondokewa na mama. Kwa wauguzi wote wa chumba kile cha mwisho kwenye korido, poleni. Mungu awape nguvu ya kuendelea kushika miguu ya watu.

Binti ameniambia kwamba ile pamba ameirithi yeye. Juzi, wageni wa msiba walipopungua, alimkalisha baba yake kwenye kochi na kumpima kama mama alivyofundisha. Mguu wa kulia kisigino, hapa. Mguu wa kushoto kisigino, hapa. Vidole vilivyobaki, baba alinyamaza. Binti akangoja, akagusa tena, na mzee bado hakusema kitu. Wataenda kliniki Jumatatu.

Na ninyi mnaonisikiliza, hasa wenye kisukari, tafuteni pamba kidogo. Mpe aliye karibu nawe, mke, mume, mtoto, jirani. Vua soksi, funga macho. Ukisikia, sema hapa. Usiposikia, usimwonee mtu huruma, nyamaza.

Sasa nawapa dakika nzima ya kufanya hivyo. Fundi wetu wa mitambo ni yuleyule wa miaka sita iliyopita. Yupo nyuma ya kioo, amevua viatu, na ameniahidi kwamba safari hii hataweka muziki.