Kitaulo cha Jumapili

Jumamosi, basi letu lilipokaribia daraja la kuelekea uwanja wa futiboli ya Kimarekani, hapa Pittsburgh, bibi mmoja mbele yangu alitoa kitaulo cha njano mkobani. Bwana aliyekaa kando yake, aliyevaa koti la wafanyakazi wa uwanja, akacheka. "Mama, hicho ni cha kesho, cha kuipungia timu ya kulipwa. Leo wanacheza wanachuo."

"Najua. Mjukuu wangu anacheza kwa mara ya kwanza. Sina kingine cha kupunga."

"Basi ujiandae. Uwanja ni uleule, lakini leo nusu ya viti vitakuwa vitupu. Kesho watajaa hata theluji ikianguka."

"Kwa nini? Hawa si ndio watoto wetu?"

"Watoto wanakaa miaka minne, wanaondoka. Ile ya kesho mtu kairithi kwa babu yake."

"Mbona kule jimbo la Nebraska chuo kinajaza uwanja?"

"Nebraska hawana timu ya Jumapili, mama. Wataenda wapi?"

Niliona ni jibu zuri, ingawa sikuwa na hakika kama linatosha.

Bibi alianza kukikunja kitaulo. "Nilitaka tu anione."

Yule bwana alikitazama kidogo. "Kesho vitapungwa maelfu. Leo kitakuwa hicho kimoja."

Basi liliposimama, bibi alishuka nacho kikiwa begani.